Ujira wa Mahali: Wajibu wa Chama Kinapojenga kwa Fedha za Umma

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, katika semina ya mafunzo. Yanachapishwa kwa ombi la washiriki.)



Nimetakiwa kuzungumza juu ya ujira wa wafanyakazi katika kazi za ujenzi zinazogharimiwa kwa fedha za umma. Yamkini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini somo hili liletwe katika semina ya ushirika, ilhali sisi ni watu wa kahawa, mizani na stakabadhi. Jibu ni kwamba vyama vyetu vinajenga. Chama hiki kinajenga ghala, kile kinakarabati mtambo wa kumenyea kahawa mbivu, kingine kimeingia ubia na halmashauri ya wilaya kujenga soko. Fedha ni za Serikali, au za halmashauri, au za mradi uliokopewa na Serikali kwa niaba ya wananchi, na sehemu ni michango ya wanachama. Saini za mwenyekiti na katibu zinapowekwa chini ya mkataba wa ujenzi, chama kimekwisha kuwa mwenye kazi, na mwenye kazi ana mambo yampasayo kuyajua.

Katika ukaguzi nimewahi kufika katika chama kimoja ambacho sitakitaja. Ghala lilikuwa limekamilika na kupakwa rangi. Hati zote za malipo zilikuwepo, kila moja na viambatisho vyake, na kwa upande wa hesabu sikuona dosari. Lakini nje ya ofisi walikuwa wameketi vijana kumi na mmoja, wengi wao watoto wa wanachama, waliokuwa wakidai ujira wa wiki saba. Mkandarasi alisema kwamba alikwisha kumlipa mkandarasi mdogo aliyewaajiri. Mkandarasi mdogo alikuwa amehama na simu yake haikupatikana. Chama kilisema kwamba kimelipa kila senti iliyodaiwa, na ilikuwa kweli. Mkutano mkuu wa mwaka ule haukujadili makisio wala bei ya kahawa. Ulijadili vijana wale tangu asubuhi hadi jioni. Msimu uliofuata baadhi ya wazee wao walipeleka kahawa kwingine. Nawaeleza haya ili tufahamu tangu mwanzo kwamba hesabu zaweza kuwa safi na chama kikaumia vilevile.

Sasa tuitazame fikra yenyewe, maana ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Serikali inapotangaza zabuni, na mwenye bei ya chini akawa ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupewa kazi, makandarasi hushindana kupunguza bei. Saruji ina bei yake dukani, nondo zina bei yake, mafuta ya lori yana bei yake, na mkandarasi hana amri juu ya mwenye duka. Kilichobaki chini ya amri yake ni ujira wa kibarua asiye na pa kwenda. Hivyo fedha ya umma, ambayo kibarua huyo naye ameichangia kwa kodi ya sukari na sabuni, hugeuka kuwa chombo cha kushushia ujira wa wilaya nzima. Ili kuzuia jambo hilo Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1891 azimio la ujira wa haki katika mikataba ya Serikali. Mwaka huohuo jimbo la Kansas huko Marekani lilitunga sheria iliyotaka watu wa kazi za umma walipwe ujira unaotumika mahali kazi inapofanyika.

Sheria inayojulikana zaidi ni ile ya Marekani ya mwaka 1931, iitwayo kwa majina ya Seneta James Davis wa Pennsylvania na Mbunge Robert Bacon wa New York. Mbunge huyo aliichukua hoja hii mwaka 1927, baada ya mkandarasi wa Alabama kushinda zabuni ya kujenga hospitali ya askari wastaafu katika eneo lake la uchaguzi. Mkandarasi alikuja na vibarua wake kutoka kusini. Kwa maelezo ya mbunge, aliwaweka katika vibanda na kuwalipa ujira mdogo sana, na mafundi wa mahali pale wakabaki bila kazi. Haki ya historia inanitaka niongeze kwamba katika mjadala wa sheria ile baadhi ya wabunge walitaja waziwazi rangi ya vibarua wale, na wapo hadi leo wanaosema kwamba sheria ilitumika kuwazuia Wamarekani weusi wasipate kazi za ujenzi. Jambo hili linatuhusu. Ujira wa mahali maana yake ni kwamba mgeni na mwenyeji walipwe sawa kwa kazi sawa, na wala si kwamba mgeni afukuzwe. Kanuni njema ikishikwa na mtu mwenye chuki huwa fimbo.

Lakini fundisho kubwa la sheria ile kwetu sisi liko katika marekebisho yake. Mwaka 1931 sheria ilisema tu kwamba mkandarasi alipe ujira unaotumika mahali, bila kutaja ni kiasi gani. Mkandarasi alishinda zabuni, akaanza kazi, ndipo ubishi ukazuka: wafanyakazi walitaja kiwango chao, naye alitaja chake, na bei ya zabuni ilikuwa imekwisha kufungwa. Mwaka 1935 sheria ikabadilishwa: viwango vya ujira vitafutwe kwanza, viandikwe ndani ya nyaraka za zabuni, na kila mwombaji apige hesabu zake akiwa anavijua. Tangu hapo makandarasi walishindana kwa ustadi, kwa mashine na kwa mpango mzuri wa kazi. Mniwie radhi nikirudia: kiwango kiandikwe kabla bahasha hazijafunguliwa. Kikiandikwa baadaye hakina nguvu ila ya kugombanisha watu.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 94 juu ya vifungu vya kazi katika mikataba ya umma, na Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Kenya na Uganda nazo ziliuridhia katika miaka iliyofuata. Uingereza yenyewe, iliyoanza mambo haya, ilijitoa mwaka 1982, sisi hatukujitoa. Mkataba huo unataka mikataba ya umma iwe na vifungu vinavyowahakikishia wafanyakazi ujira, saa za kazi na masharti mengine yasiyo duni kuliko yale ya kazi ya namna hiyo katika wilaya ileile. Unataka vifungu hivyo viwahusu makandarasi wadogo pia. Unataka tangazo libandikwe mahali pa kazi, kumbukumbu za saa na malipo zitunzwe, na malipo ya mkandarasi yaweze kuzuiwa ili wafanyakazi wapate haki yao.

Hapa niwe mwangalifu nisije nikawapa silaha isiyo na risasi. Mkataba huo unazihusu hasa kazi zinazotolewa na Serikali Kuu. Kwa mamlaka nyingine kila nchi huamua kiasi cha kuzihusisha. Chama cha ushirika si ofisi ya Serikali. Kwa hiyo katibu asisimame mbele ya mkandarasi na kudai kwamba Geneva imemwagiza. Wajibu wa chama unatoka kwingine. Kwanza, sheria za kazi za nchi yetu zinamfunga kila mwajiri, mkubwa kwa mdogo. Pili, fedha zenyewe mara nyingi huja na masharti. Miradi ya Benki ya Dunia, kwa mfano, tangu Oktoba 2018 inafuata viwango vya mazingira na jamii vyenye sehemu nzima juu ya kazi na wafanyakazi. Masharti hayo yamo katika makabrasha ambayo chama hupewa, na ambayo, nasema hivi kwa uzoefu wa kufungua makabati yenu, hukaa na kamba yake ya dukani hadi mradi unakwisha. Tatu, chama chaweza kujiwekea sharti chenyewe kwa azimio la bodi na kuliingiza katika zabuni, mradi lisipingane na sheria ya ununuzi wa umma pale inapotumika.

Tutenganishe sasa mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kima cha chini cha mshahara ni sakafu. Kinawekwa na Serikali kwa Amri chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, na hakuna mwajiri anayeruhusiwa kushuka chini yake. Amri hizo hubadilishwa: ilitoka ya mwaka 2010, kisha ya 2013, kisha ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023, na nyingine ikatolewa mwaka 2025 ili ianze Januari 2026. Ndiyo maana sitawatajia tarakimu. Nataka kila katibu aende kwa Afisa Kazi aichukue Amri inayotumika siku hiyo, badala ya kunukuu maneno yangu miaka mitatu baadaye. Ujira wa mahali ni kitu kingine. Ni kile ambacho mwashi, seremala, fundi wa nondo au saidia fundi analipwa kweli katika eneo hili, msimu huu. Kwa kibarua wa kuchimba msingi viwango hivi viwili vyaweza kukaribiana. Kwa mwashi hodari viko mbali. Mkandarasi anayemlipa mwashi kima cha chini hajavunja Amri, lakini amemfanya mtu mwenye fani alipwe kama asiye na fani, na hapo ndipo kifungu cha mkataba kinapohitajika.

Je, ujira wa mahali unapatikanaje? Si kwa kukisia ndani ya ofisi. Katibu na mjumbe mmoja wa bodi watembelee kazi tatu au nne za ujenzi katika kata yao na kata jirani: shule, zahanati, nyumba ya mtu binafsi. Waulize mafundi na waulize wenye kazi, kisha waandike fani, ujira wa siku, saa za siku hiyo, na kama chakula kimo au hakimo. Mchana wa ugali na maharage si kitu kidogo katika hesabu ya kibarua. Wazingatie pia msimu. Wakati wa kuchuma kahawa watu huadimika na ujira hupanda. Ujira wa Februari hautafaa kwa kazi ya Agosti.

Tuseme mmepata waashi kumi. Wanne wanalipwa shilingi 27,000 kwa siku, watatu 25,000, wawili 24,000, na mmoja 30,000. Hesabu hii ni ya mfano tu. Wastani wake ni 26,100, lakini tazameni: hakuna mwashi hata mmoja anayelipwa 26,100. Wastani umezaa mtu asiyekuwepo. Wamarekani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Kanuni yao ya zamani ilichukua kwanza kiwango wanacholipwa zaidi ya nusu ya watu. Kisipopatikana, kiwango kinacholipwa wengi zaidi ilimradi wafike asilimia 30. Na kisipopatikana hicho, ndipo wastani. Katika miaka ya 1980 hatua ile ya asilimia 30 iliondolewa, na mwaka 2023 ikarudishwa. Kwa maoni yangu kwa kazi zetu ndogo hatua hiyo inafaa. Katika mfano wetu waashi wanne kati ya kumi ni asilimia 40, basi ujira wa mahali ni shilingi 27,000. Bodi iandike katika kumbukumbu za kikao ni nani waliulizwa, wapi na lini.

Nakuja kwenye saa za kazi, ambako fedha nyingi hupotea bila mtu kupiga kelele. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi sita. Muda wa ziada hufanywa kwa makubaliano, hauzidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa maradufu. Sasa chukueni mwashi wetu wa shilingi 27,000 kwa siku ya saa 9, yaani shilingi 3,000 kwa saa. Kazi nyingi za ujenzi hufanyika siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Mara sita tisa ni saa 54. Saa 45 za kwanza ni shilingi 135,000. Saa 9 zilizobaki ni muda wa ziada, kila moja shilingi 4,500, jumla 40,500. Anastahili shilingi 175,500 kwa wiki. Mkandarasi humpa nini? Humpa 27,000 mara sita, yaani 162,000, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba wamemalizana. Pengo ni shilingi 13,500. Kwa waashi kumi katika wiki kumi na mbili pengo hilo ni shilingi 1,620,000. Hakuna mtu aliyevunja kufuli wala kughushi hundi, na fedha hizo zimetoka katika nyumba za kijiji chenu.

Njia ya pili ya kupunguza ujira ni jina la kazi. Katika orodha mtu huandikwa saidia fundi, lakini ukifika kazini unamkuta juu ya jukwaa akipanga matofali kwa kamba na pimamaji. Mtazameni mtu ameshika nini mkononi. Kama ameshika mwiko na anajenga, huyo ni mwashi kwa saa hizo, hata kama jana alibeba ndoo. Wamarekani nao hufuata kanuni hiyo: mtu hulipwa kwa kazi aliyoifanya, si kwa jina aliloandikiwa.

Njia ya tatu ni kurudisha. Kibarua hutia saini kwamba amepokea kiasi kamili, kisha akigeuka nyuma ya kibanda cha stoo nyapara anamngoja achukue fungu lake. Huko Marekani desturi hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1934. Kwetu, makato katika ujira yanaruhusiwa tu kwa sheria, kwa mkataba wa pamoja, kwa Amri ya Mshahara, kwa amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au kwa ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe. Kadhalika koleo lililovunjika halikatwi kienyeji katika malipo ya Jumamosi.

Kuhusu kazi ya kipande, yaani kulipwa kwa idadi ya matofali au kwa mita za plasta, haikatazwi. Lakini bei ya kipande ipimwe kwa mtu wa uwezo wa kawaida: akifanya kazi siku nzima bila uzembe, apate kiasi kisichopungua ujira wa siku. Bei ikiwa ndogo mno fundi hufidia kwa haraka, na haraka hiyo mtaiona ukutani. Zege jipya lataka kumwagiliwa maji siku zisizopungua saba. Mtu wa kipande cha bei ya kutupa hana siku saba.

Makatibu wengi wameniuliza juu ya msaragambo. Ni jambo jema, na ghala nyingi za vyama vyetu zisingesimama bila nguvu za wanachama. Lakini mipaka yake ijulikane. Mwanachama akijitolea kuchimba msingi, anakichangia chama chake; hamchangii mkandarasi. Nimewahi kuona orodha ya kazi na bei ambayo mkandarasi amedai malipo ya uchimbaji wa msingi, na daftari la kijiji likaonyesha kwamba msingi huo ulichimbwa na wanachama katika siku tatu za msaragambo. Basi msaragambo uandikwe katika daftari lake, kwa tarehe, majina na kazi iliyofanyika, na kazi hiyo itolewe katika mkataba wa mkandarasi kabla hajaanza. Na anayejitolea ajitolee kweli. Mtu aliyeambiwa kwamba asipokuja hatapimiwa kahawa yake huyo hajajitolea. Watoto wa shule wasibebeshwe matofali: sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi katika kazi ya hatari, ambayo jengo lenye jukwaa na mashine ya zege ni mojawapo.

Chama kifanye nini basi kwa vitendo? Kwanza, jedwali la ujira liwe sehemu ya zabuni. Pili, mkataba uwe na kifungu cha kuzuia malipo, maana bila kifungu chama hakina mamlaka ya kushikilia fedha ya mkandarasi kwa sababu ya deni lake kwa watu wengine. Kifungu chaweza kusomeka hivi: “Mkandarasi atawalipa wafanyakazi wote wa kazi hii, wakiwemo wa makandarasi wadogo, ujira usiopungua viwango vilivyo katika jedwali la zabuni. Pamoja na kila dai la malipo ataleta orodha ya ujira iliyotiwa saini na wafanyakazi. Ikithibitika kwamba mfanyakazi hajalipwa, Chama kitaweza kuzuia kiasi hicho katika malipo ya mkandarasi na kumlipa mfanyakazi moja kwa moja, na malipo hayo yatahesabiwa kuwa yamelipwa kwa mkandarasi.” Mwanasheria wa Chama Kikuu akipitie kabla hakijatumika. Tatu, jedwali libandikwe mahali pa kazi, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, si nyuma ya mlango wa stoo.

Halafu orodha ya ujira isomwe. Sisi wakaguzi tuna macho yetu, nami nitawaazima kidogo. Orodha ya kweli ina mapengo. Mtu ameugua, mwingine amekwenda msibani, siku ya gulio wawili hawakuonekana, Alhamisi mvua ilinyesha na kazi ikasimama saa sita. Mkiletewa daftari la wiki sita ambamo hakuna mgonjwa wala mvua, lilinganisheni na daftari la kipimo cha mvua la shule iliyo jirani au na kumbukumbu za msimamizi wa kazi. Tazameni saini: kama watu ishirini wana mkono mmoja wa kuandika na wino mmoja, jueni aliyeketi alikuwa mtu mmoja. Chagueni majina matano, mkawaulize wenyewe jioni wakiwa njiani kurudi nyumbani, mbali na nyapara. Ulizeni swali moja tu: juma lililopita ulipokea shilingi ngapi mkononi? Katika orodha hiyohiyo angalieni kama michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa, na kama mkandarasi amejiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, kwa maana siku mtu atakapoanguka kutoka juu ya paa, si siku ya kuanza kutafuta fomu.

Najua hoja inayongoja: mambo haya yatapandisha bei ya ghala. Sitakataa moja kwa moja. Wachumi wa Marekani wamebishana kwa miongo mingi iwapo sheria yao hupandisha gharama au la, na hawajapatana. Ninachosema ni kwamba kwetu bei ya chini ya zabuni si lazima iwe bei halisi. Katika chama kile nilichowatajia, bodi ilikaa vikao visivyo na idadi, ikalipa nauli za kwenda na kurudi wilayani, na mwishowe mkutano mkuu ukaamuru vijana walipwe kutoka akiba ya chama. Ghala hilo lililipiwa kazi ileile mara mbili. Na mwenye zabuni ya pili, aliyekosa kazi ile kwa tofauti ndogo, alikuwa mtu wa wilaya yetu anayelipa mafundi wake kila Jumamosi. Tulimshinda kwa kosa la kuwa mwaminifu.

Mfanyakazi aliyedhulumiwa hana haja ya kungoja hisani ya chama. Aweza kwenda kwa Afisa Kazi, au kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Dai la ujira lifikishwe huko ndani ya siku 60, na la kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki yao kwa kuahidiwa “wiki ijayo” mara tisa. Katibu akiombwa msaada, kitu bora anachoweza kumpa kijana ni tarehe hiyo, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi, pamoja na nakala ya orodha aliyotiliwa saini.

Nakala hizo zisichomwe jengo linapokabidhiwa. Sheria inamtaka mwajiri kutunza maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha, na chama kikae na nakala zake kwa muda huohuo, katika jalada la mradi, si katika jalada la barua za kawaida. Nimeleta mifano ya jedwali la ujira na ya orodha ya malipo. Iko mezani kwa karani, na kila chama kichukue nakala mbili. Katika ziara zangu za robo mwaka ijayo, penye chama kinachojenga, nitaomba kuona jalada hilo kabla ya kitabu cha fedha.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapo ili makatibu wapate nafasi ya kuuliza maswali.